Maji Yalikuwa Kushoto



Wasomaji wetu wapenzi, sisi tuliozaliwa na kulelewa Mombasa hatufundishwi njia. Mtoto wa Mji wa Kale, hata ukimfumba macho na kumzungusha mara tatu, akifumbua atausikiliza upepo, atajua bahari iko upande gani, na atakwenda zake kwao. Bahari yetu iko mashariki, na jua huchomoza humo. Anaposimama mtu kuswali, maji huwa mkono wake wa kulia, kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa. Makka na Mombasa zimekaa takriban katika mstari mmoja. Hatukuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kwetu tu. Tulidhani ndivyo dunia ilivyo.

Kisumu ilitutoa ujinga huo, na ilikuwa karibu itutoze ghali.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama yetu ana somo yake, waliosoma chuo kimoja utotoni, wakafundwa pamoja, wakaolewa mwaka mmoja. Mama alibaki Mombasa. Somo yake aliolewa na kijana aliyekuwa akifanya kazi katika meli za Ziwa Victoria, zama zile ambapo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa likiendesha vyombo kutoka Kisumu hadi Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wengi walirudi makwao. Mume wa somo alikaa, na yeye akakaa naye, wakazaa na kuzika huko huko. Kwa miaka mingi wao wawili walikutana kwa barua, kisha kwa simu, na mara chache harusini.

Mwaka huu, baada ya Idi, ikaja simu: somo mgonjwa, amelazwa Russia. Nyumbani kwetu palizuka kizaazaa. Mama alianza kulia, akiuliza ni maradhi gani hayo yasiyotibika Kenya nzima hata mtu apelekwe kwa Warusi, na nani amelipa nauli ya ndege. Baba alikwisha anza kutaja jamaa wa kuchangiwa. Ilichukua simu ya pili kutuelewesha kwamba Russia ni hospitali kuu ya pale pale Kisumu. Jina lake rasmi siku hizi ni la Jaramogi Oginga Odinga, lakini kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969, wenyeji wameng'ang'ania jina lao, na makondakta wa matatu hulinadi bila kucheka. Siku ya tatu tukaambiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, lakini hali si ya kujivunia. Mama akasema, "Nitamzuru angali ananijua." Hapakuwa na mjadala tena.

Tukaondoka wanne: mama, sisi binti zake wawili, na kaka yetu aliyekuwa mahramu wetu, mbeba mizigo yetu, na, kama alivyojiita mwenyewe, amiri wa msafara. Tulilala njiani kufika Nairobi, tukapumzika kwa jamaa, na usiku wa pili tukapanda basi la Kisumu. Alfajiri ilitukuta Ahero, penye mashamba ya mpunga, ukungu umelala juu ya maji, na ndege weupe wamesimama kama walioitwa kwenye mkutano. Mombasa hadi Kisumu kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Reli ya kwanza iliyotoka kwetu mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kile kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Jina hilo halikudumu. Kisumu ni jina la wenyeji, nao husema linatokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Nasi tulikuwa tunakwenda kutafuta mtu.

Ilikuwa Alhamisi. Sisi binti wawili tulikuwa tumefunga, katika sita za Shawwal. Msafiri ana ruhusa, twajua, lakini siku zilikuwa zinakwisha na deni la nafsi ni baya. Mama hakufunga. Ana maradhi ya sukari, na daktari amemkataza.

Baada ya kupumzika kidogo katika nyumba ya wageni tulitoka kabla ya adhuhuri. Kati ya mji wa Kisumu si mkubwa wa kumtisha mtu. Tuliuona mnara wa saa katika barabara ya Oginga Odinga, uliojengwa na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, ukafunguliwa mwaka 1938. Tuliuona Msikiti wa Jamia wa mwaka 1919, wa rangi ya kijani na nyeupe, na minara yake miwili, na mama akatulia alipouona kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Adhana ikaadhiniwa. Kaka akaingia kuswali jamaa. Sisi, kwa kuwa ni wasafiri, tulinuia kuikusanya adhuhuri na alasiri tukifika kwa mgonjwa. Mkoba ulibaki na kaka, na ndani yake mlikuwa na dawa za mama, mkate wake, na simu ya mmoja wetu. Simu ya pili ilikuwa mkononi, imezima tangu Nakuru.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu, tusilitafutie mwenyewe mwingine. Somo alikuwa amemwelekeza mama kwa simu: nyumba yake iko Kaloleni, si mbali, mkitoka msikitini shikeni kaskazini, kama mnaoelekea kibla. Mama akasema, "Twendeni polepole, atatukuta njiani. Hivi ndivyo." Akatazama mwisho wa barabara ambako maji yaling'aa kidogo baina ya majengo, akayaweka mkono wa kulia, na akaanza kutembea kwa uhakika wa mwanamke aliyekwenda sokoni miaka 60 bila kupotea.

Nani angembishia? Maji kulia, basi mbele ni kaskazini. Hata sisi tuliosoma jiografia shuleni hatukusita. Tungelitazama tu msikiti wenyewe ulikoelekea, tungelijua. Lakini tulikuwa tumekwisha uacha nyuma, na jua halikutaka kutusaidia. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambao unapita Maseno, mwendo mfupi tu kwenye barabara ya kwenda Busia. Saa ile ya mchana jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu na vivuli vyetu vimejikunja miguuni.

Ukweli, wasomaji wetu, ni kwamba Kisumu ziwa liko magharibi. Mtu akielekea kibla, maji yako mkono wake wa kushoto. Kila hatua tuliyopiga tukiyaweka maji kulia ilitupeleka kusini, mbali na Kaloleni, mbali na kaka, mbali na mkoba.

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Tulipita Milimani, mtaa wa nyumba za zamani zenye bustani kubwa na miti inayokutana juu ya barabara. Mama akasifu: "Somo yangu kumbe amekaa pazuri!" Kimya kilikuwa kingi, na watu wa kuuliza wachache. Tulipofika kwenye ua mrefu tulimwona askari wa lango, tukamsalimu na kumuuliza huku mbele kuna nini. Akajibu kwa adabu kwamba humu ndani kuna swala. Mama akainua mikono: "Alhamdulillahi, kuna msikiti!" Askari akatutazama, nasi tukamtazama, mpaka mmoja wetu alipoona kupitia uani mnyama mwenye pembe akila majani. Ilikuwa hifadhi ya swala pala, ile inayotunzwa na Shirika la Wanyamapori. Tulicheka hata machozi yakatutoka. Mama naye alicheka, lakini tuliona ameushika ukuta.

Tukaendelea, kwa sababu kurudi kulionekana mbali zaidi. Hapo likaja lililotutia hofu ya kweli. Maji yalipotea. Upande wa kulia, mahali ambapo dakika chache zilizopita palikuwa na mng'ao wa ziwa, sasa palikuwa na uwanda wa kijani uliotanda mpaka mbali, umenyooka kama shamba la majani ya chai lililofyekwa vizuri, na maua ya zambarau juu yake. Ndege walikuwa wakitembea juu ya uwanda ule. Mama akasimama. "Bahari iko wapi?" akauliza, na alisema bahari, si ziwa. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepoteza mtaa, na sasa tumepoteza hata kile tulichokuwa tukijiongozea.

Baadaye tulielezwa kwamba ule uwanda ndio ziwa. Yalikuwa magugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini na kuingia katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Huelea juu ya maji, huzaana upesi mno, na upepo huyasukuma kutoka pwani hii hadi ile. Mvuvi hulala mlango wake ukiwa wazi akaamka umefungwa. Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu imekaa pembeni yake, ina mlango mwembamba, basi yakiingia humo hukaa. Lakini saa ile hatukuyajua hayo. Tuliona tu kwamba maji yamegeuka nchi kavu.

Mama akaanza kutokwa na jasho la baridi. Mikono ikawa inamtetemeka, na maneno yake yakawa yanachelewa. Wenye wagonjwa wa sukari majumbani mnaijua hali hiyo. Sukari imeshuka, na mkate uko kwenye mkoba, na mkoba uko msikitini, na msikiti hatujui uko upande gani wa dunia. Tulimshika huku na huku. Mbele palisikika sauti za watu, na upepo ukaleta harufu ya samaki. Hatukuwahi kufurahia harufu ya samaki namna ile.

Tulikuwa tumefika Dunga, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji. Mashua zilikuwa zimevutwa ufukweni, wanawake wamekaa mbele ya mabeseni ya ngege na mbuta, na omena wameanikwa chini juani. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kanga kiunoni, alituona kabla hatujamwona. Hakuuliza sisi ni nani. Alinyanyua kigoda chake mwenyewe akakiweka nyuma ya mama yetu, akamkalisha, akamwangalia usoni, kisha akamwambia msichana wake kwa Kijaluo maneno mawili matatu. Chai ikaja katika kikombe cha bati, nyeusi, sukari imejaa. "Kunywa, mama. Mimi mwenyewe nilikuwa na mzee wa sukari," alisema. Mama akanywa. Tukahesabu dakika. Rangi ikarudi, kisha ulimi ukarudi, na jambo la kwanza alilosema mama lilikuwa kwamba sukari imezidi.

Yule mwenyeji wetu akatuletea na sisi chai. Tulipomwambia tumefunga alistaajabu, maana alijua Ramadhani imekwisha. Tukamweleza sita za Shawwal. Akasema, "Basi nyinyi ni watu wa kujitafutia kazi," akaondoa vikombe vyetu visitutamanishe. Mama alipewa na kipande cha ngege cha kukaanga, akala kwa raha. Samaki ana baraka hiyo kwa Muislamu msafiri, kwamba huhitaji kuuliza nani amemchinja.

Tulikaa naye karibu saa nzima, na tulijifunza mengi kuliko yale ambayo matembezi ya makusudi yangetupa. Ziwa wao huliita Nam Lolwe. Kwa desturi wanaume ndio huvua, na wanawake hununua mashuani, hukausha, hukaanga na kuuza. Mbuta, alisema, hakuwa samaki wa ziwa hili. Wakoloni walimtia katika miaka ya 1950, naye akawamaliza wadogo, hasa fulu ambao bibi yake alikuwa akiwapika. Kisha akateremsha sauti, wanaume wasisikie, akataja jambo ambalo tunaliandika kwa kuwa wasomaji wetu ni wanawake na mabinti wanaokua. Katika fuo nyingi za ziwa kuna desturi iitwayo jaboya, ambapo mvuvi hamuuzii mwanamke samaki mpaka ampe mwili wake. Samaki wakipungua, desturi hiyo hushika kasi. Imebomoa nyumba na imeeneza Ukimwi. Yeye na wenzake walichanga wakanunua mashua yao, wakaajiri vijana wa kuwavulia. Alituonyesha kwa kidole. Ilikuwa ya rangi ya bluu, imepakwa upya. "Ile haina mwanamume wa kuniambia kitu," alisema. Hatujui ni mashua ngapi za namna hiyo zingehitajika. Tuliitazama ile moja kwa muda mrefu.

Tulihitaji kumpata kaka. Simu alituazima, lakini tumpigie nani? Namba ya kaka hakuna aliyeihifadhi kichwani. Hukaa katika simu, na simu zikiondoka huondoka na akili zetu. Namba moja tu tuliikumbuka sote, ya baba, kwa kuwa ni ile ile tangu simu za mkononi zilipoingia nyumbani kwetu. Tukapiga Mombasa. Baba alipokea akiwa tayari anatetemeka, maana kaka alikuwa amekwisha mpigia kumwambia kwamba mama na dada zake wamemezwa na mji. Khabari zetu zikaenda Mombasa, zikarudi Kisumu kwa kaka, zikaenda Mombasa tena na jibu, na ndipo zikatufikia Dunga, umbali ambao ukitembea kwa miguu kutoka msikitini hauzidi saa moja na kitu. Akasema tusiondoke. Baba naye akasema tusiondoke. Hatukuwa na nia.

Wakati tukimngoja, alasiri ilikuwa imeingia. Tukaomba maji tukatia udhu, na mwenyeji wetu akatandika gunia safi nyuma ya kibanda. Sasa kibla? Mama alikuwa amekaa akilitazama jua, ambalo kwa wakati ule lilikuwa limeteremka juu ya ule uwanda wa kijani. Aliangalia jua, akaangalia upande wa ziwa, akaangalia mkono wake wa kulia, kisha akajipiga paji la uso. "Subhanallah. Jua na maji viko upande mmoja."

Kwetu jua la alasiri na bahari havikai pamoja. Kimoja kiko bara na kingine kiko nje. Alisimama, akaweka jua kushoto kwake, na ziwa likawa kushoto vile vile. Akapinda kidogo kuliani, kwa kuwa Kisumu iko magharibi ya Makka na kibla chake kimeelemea mashariki ya kaskazini. Tukajipanga nyuma yake. Tulipoinua vichwa tuliona, mbele yetu kabisa, juu ya miti, mapaa ya mji tulioupoteza.

Kaka alifika kwa tuktuk, mkoba kifuani, macho mekundu. Alitaka kukasirika lakini mama alimtangulia: "Ulichelewa wapi?" Tulimuaga mwenyeji wetu. Mama alijaribu kumlipa chai na samaki, akakataa. Akanunua omena, akaongezewa. "Erokamano," tulisema, neno pekee la shukrani tulilokuwa nalo, naye akacheka matamshi yetu.

Kaloleni, tulipofika, ilikuwa kweli si mbali na msikiti. Somo alikuwa kitandani, amepungua, uso umebaki macho. Alimjua mama. Hatutaandika waliyoambiana, sehemu kubwa hatukuisikia, kwa kuwa walizungumza wakiwa wamewekeana vipaji vya nyuso. Baadaye mama alimsimulia upotevu wetu, na mgonjwa akacheka mpaka binti yake akaja mbio kutazama kuna nini. Akasema, "Mimi nilipoletwa hapa bibi harusi, mwaka mzima nilikuwa nikiamka nafungua dirisha la mashariki kutafuta maji. Mume wangu alidhani nimerukwa na akili. Sikumwambia."

Jua likawa linakaribia kuzama. Tende na maji viliwekwa mbele yetu sisi tuliofunga, na mikeka ikatandikwa. Simu ya kaka ikalia. Ni baba, kutoka Mombasa. "Futuruni, wanangu, sisi huku tumekwisha adhini." Mmoja wetu alikuwa amekwisha inua tende, imefika mdomoni.

Somo akanyoosha mkono wake mwembamba kutoka kitandani akaushika mkono ule.

"Ngoja, mwanangu. Bado dakika 20. Jua la kwetu halijatua."